Mesi ya makoplo: kwa nini mwenye tepe mbili ana meza yake

Anayevuka feri ya Likoni asubuhi hakosi kuwaona wanajeshi. Wengine wamevaa kiraia na utawatambua kwa mkato wa nywele na namna wanavyosimama. Wengine wako ndani ya gari la jeshi linaloelekea Mtongwe, kwenye makao makuu ya Jeshi la Wanamaji. Sisi wakazi wa Mombasa tumezoea kuishi nao. Mtongwe iko ng'ambo ya kusini, kambi ya Nyali iko kaskazini, na ukishika njia ya Nairobi utaipita ya Mariakani. Lakini geti likishafungwa jioni, hatujui wanaishije, na asiyejua hubuni. Uliza kijiweni mesi ni nini, utaambiwa ni baa ya jeshi, bia rahisi na nyama ya bei ya chini.

Baa imo, kweli, ndani ya ukumbi huo wa kula na kupumzika wa wanajeshi wa ngazi moja ya cheo. Ila mwenye kuiona baa peke yake hatakaa aelewe kwa nini koplo mmoja, mwenye alama ya cheo ya tepe mbili na mshahara usiozidi sana ule wa askari wake, anakatwa pesa kila mwezi ili aketi chumba ambacho rafiki yake wa tangu ukuruta haruhusiwi kuingia. Hapo ndipo pana fumbo lenyewe, na nitajaribu kulifumbua.

Mesi huanza na uanachama. Mwanajeshi haombi kujiunga, cheo chake ndicho kinachomwingiza. Siku anapopandishwa anahama mesi, na kuanzia hapo mchango wake unakwenda huko alikohamia, apende asipende, awe mnywaji au asiwe. Katika utaratibu wa Kiingereza, ambao ndio mama wa utaratibu wetu, meza ni tatu. Ya kwanza ni ya maafisa wenye kamisheni, kuanzia luteni kwenda juu. Ya pili ni ya waranti ofisa na masajini. Ya tatu ni ya makoplo, na lansi koplo mara nyingi huwa pamoja nao. Askari wa kawaida wana bwalo lao la chakula na kantini yao. Makambi hayafanani: kuna yenye jengo zima la makoplo, kuna yenye chumba kimoja pembeni ya kantini, na kuna ambako makoplo na askari wanatumia ukumbi mmoja huku meza zikiwa zimetengwa kwa mazoea tu. Sababu ya kutengana lakini ni ileile kila mahali.

Utaratibu huu ulitufikia kupitia King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa 1902. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, vikosi vyake vitatu, cha 3, cha 5 na cha 11, vilibadilishwa jina vikawa Kenya Rifles, na mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Desemba 1964, Jeshi la Wanamaji likazinduliwa hapa Mombasa. Majina yalibadilika, ila mambo ya ndani ya kambi yalibaki: gwaride, tarumbeta, na mesi.

Kuna jambo moja la enzi zile ambalo halifai kupitwa haraka. Katika jeshi la kikoloni, rangi ilipandishwa juu ya cheo. Sajini Mzungu na sajini Mwafrika walivaa tepe tatu zilezile, lakini hawakula meza moja. Hata wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Kilindini ilipojaa meli za kivita baada ya kundi la meli za Uingereza la Bahari ya Hindi kuhamia hapa 1942, kiwango cha chakula cha mwanajeshi kilipimwa kwa asili yake: Mzungu kivyake, Mhindi kivyake, Mwafrika kivyake. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba kutenganisha meza kwa cheo ni ubaguzi tuliorithi, namwelewa, lakini simkubali. Cheo hupandwa. Mtoto wa mvuvi wa Kwale anaweza kuingia jeshini kama kuruta na kuipitia meza ya makoplo hadi ya masajini. Rangi haikuwa na ngazi ya kupanda. Askari wa Lanet, Nakuru, walipoasi Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, malalamiko yao yalikuwa mishahara na maafisa Waingereza waliokuwa bado wanawaamuru. Walikuwa wakiidai nchi yao iwatambue hata ndani ya kambi.

Sasa tumwangalie koplo mwenyewe, maana bila kumwelewa yeye mesi yake haina maana.

Koplo ndiye kiongozi wa kwanza kabisa ambaye askari humwona akiamka na humwona kabla ya kulala. Katika mpangilio wa Kiingereza yeye huongoza kundi dogo la watu kama wanane. Ndiye anayejua nani viatu vyake vimekwisha soli, nani anagombana na mkewe, nani anajifanya mgonjwa siku ya mbio. Amri ya jenerali, hata iwe nzito vipi, mwishowe hutekelezwa na koplo akisema, "Haya, twende." Na koplo hapigiwi saluti. Saluti ni ya mwenye kamisheni. Afisa akipita, sheria inamtangulia. Koplo akipita, kinachomtangulia ni jina lake mwenyewe, yaani watu wanamjua kuwa ni mtu wa namna gani.

Ugumu uko hapa: wale anaowaamuru ni wenzake wa jana. Chukua mfano wa vijana wawili wa Likoni waliofunzwa pamoja kule Eldoret, kwenye chuo cha makuruta, wakagawana sabuni, wakafichiana makosa, kisha wakapangiwa kambi moja pwani. Mmoja anapata tepe mbili. Kesho yake asubuhi anapaswa kumwambia mwenzake kwamba kitanda hakikutandikwa sawasawa, atakesha zamu ya ulinzi Jumamosi. Jumamosi ambayo wote wawili walikuwa wamepanga kwenda harusini Ujamaa. Akimwachia, wale wengine saba wanaona, na kuanzia siku hiyo hana kundi. Akimbana kupita kiasi ili kuonyesha kwamba hana upendeleo, pia wanaona. Na hana umri wa kumsaidia, kwa sababu makoplo wengi ni vijana. Sajini ana miaka mingi ya kazi nyuma yake, afisa ana chuo cha maafisa cha Lanet. Huyu ana tepe mbili mpya begani na usiku mmoja wa kufikiri.

Huyo ndiye mtu ambaye mesi ilijengwa kwa ajili yake. Akiingia mle anaacha kuwa afande. Anaitwa kwa jina. Anaweza kusema, "Jamaa, leo nimeaibika mbele ya vijana," na koplo mwenye miaka sita ya ukoplo akamjibu kwamba hata yeye lilimpata, na akamweleza alivyotoka. Anaweza kumlalamikia sajini wake bila maneno hayo kufika kwa askari. Anaweza kushindwa drafti mara tano mfululizo na heshima yake isiguswe. Kutojua kwake kunabaki mle ndani, na asubuhi anatoka akiwa amejifunza kitu ambacho hakuna mwalimu wa darasani angemfundisha. Naamini kabisa kwamba uongozi wa ngazi ya chini hufunzwa zaidi kwenye viti vile vya plastiki na mezani pa dhumna kuliko ubaoni.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Mesi ya makoplo inawalinda askari na koplo wao. Askari naye anahitaji mahali pa kumsema koplo, kumwigiza anavyotembea, kucheka kwa sauti. Koplo akizoea kukaa kantini yao kila jioni, wanakosa pumzi. Na akikopa pesa pale, au akalewa pale, kesho amri yake ina bei. Mlango ule unapofungwa kila upande unapata faragha yake. Ndiyo maana koplo anayekwepa mesi yake na kushinda na askari wake, akidhani ndio unyenyekevu, mara nyingi huitwa kando na wakubwa wake mapema.

Tuje kwenye pesa. Mesi huendeshwa kama chama. Ina kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mtu wa kusimamia baa na bohari yake. Ina mikutano yenye kumbukumbu zilizoandikwa, na hesabu zinazokaguliwa. Kimila fedha taslimu hazikupita mkononi. Mwanachama alitia sahihi kwenye kitabu kila alichochukua, na mwisho wa mwezi bili ikamfuata. Kutolipa bili ya mesi si deni la dukani tu. Ni jambo la nidhamu, linaweza kumfikisha mtu mbele ya mkuu wake. Juu ya yote yuko sajini meja wa kikosi, ambaye si mwanachama wa mesi ya makoplo lakini jicho lake halitoki pale. Anajua nani anakopa sana, nani ameanza kunywa peke yake, kamati ipi ina ugomvi. Sajini meja mwerevu huitumia mesi kusikia kambi inavyopumua kabla jambo halijawa kubwa.

Chama hiki kina kazi ambayo Mombasa inaidhihirisha kuliko miji mingi. Wanajeshi wengi waliopo hapa kwao ni mbali, Turkana, Bomet, Busia, Kitui. Msiba ukitokea usiku, mwenye msiba hana ndugu wa karibu wa kumshika mkono Likoni. Wanachama wenzake ndio wanaochanga, ndio wanaomtafutia nafasi ya basi au treni, ndio wanaopanga nani ashike zamu yake. Anaporudi kutoka mazishini anakuta kiti chake na watu wanaojua alikokuwa. Mtu anayeiita mesi baa hajawahi kuiona siku kama hiyo.

Na kwa kuwa tunazungumzia chakula na pesa, lipo badiliko ambalo bado linazungumzwa. Kwa miaka mingi wanajeshi wa Kenya walikuwa wakila chakula cha mchana kambini kwa gharama ya serikali. Julai 2024 KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, iliingia kwenye mfumo wa kulipia unachokula. Kwenye karatasi hoja zake zilikuwa na mantiki: fedha za umma zingeokolewa, na mtu asingelipishwa wala kulipiwa kile asichokula. Wasiwasi wangu ulikuwa wa meza. Watu wakilazimika kuketi pamoja wanasemezana hata wasiopendana. Kila mmoja akianza kuhesabu sarafu zake, mwingine atafunga chapati na maharagwe kutoka nyumbani, mwingine atatoka hadi kibanda cha nje ya geti, mwingine atakunywa chai na kuvumilia hadi jioni. Sina shida na kulipa. Ningependa tu wanaopanga mambo haya wahesabu pia kile kinachopotea mtu anapokula peke yake.

Adabu za ndani zina sura ya ajabu kwa mgeni, ila nyingi zina sababu. Unapoingia unavua kofia. Katika mesi nyingi zenye asili ya Kiingereza atakayeisahau kichwani atawanunulia vinywaji wote waliopo. Mazungumzo ya kazi hayapendwi mezani, na siasa na dini huwekwa kando, kwa sababu watu wanaotegemeana kwa maisha yao hawawezi kumudu ugomvi usiomalizika. Ukutani kuna ngao za vikosi na meli, na picha za waliotangulia. Picha hizo hazichezewi.

Kisha kuna usiku wa chakula rasmi, ambapo kila kitu kina mpango. Wakubwa wana koti fupi maalumu la mesi. Koplo wa jeshi la Uingereza kwa kawaida hana, hivyo huvaa sare yake nadhifu ya gwaride au suti na tai. Mwenyekiti anaketi kichwani mwa meza, na mwisho wa meza anaketi mdogo kabisa wa mesi, anayeitwa makamu kwa usiku huo. Hakuna anayeinuka kwenda hata msalani kabla ya tosti ya mkuu wa nchi, yaani kuinua glasi na kunywa kwa heshima yake. Chupa ya mvinyo hupitishwa kushoto, mkono hadi mkono. Mwenyekiti anamwita makamu, makamu anawatangazia wote, glasi zinainuliwa: kwa mfalme kule Uingereza, kwa rais katika jamhuri. Nchi kavu watu husimama. Jeshi la majini la Uingereza hunywa tosti hiyo limeketi, na maelezo yanayotolewa ni kwamba dari za meli za zamani zilikuwa chini mno, ukisimama ghafla unagonga kichwa.

Kumpa mdogo kabisa kazi ya makamu ni jambo lililofikiriwa vizuri. Kijana aliyepata tepe juzi anasimama mbele ya wote, sauti yake inatetemeka kidogo, anamaliza, anaketi. Sasa ameshazungumza mbele ya wakubwa wake na hakufa. Kesho mbele ya askari wanane atakuwa mtu mwingine.

Mji huu nao umeweka mkono wake. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likigawa ramu kwa mabaharia hadi tarehe 31 Julai 1970, na dhana kwamba baharia na pombe ni kitu kimoja imetufikia nasi. Lakini mesi ya Mombasa ina Waislamu wengi, ina walokole, ina watu wasioonja. Tosti inainuliwa kwa sharubati au maji, na siku hizi hilo halimshangazi mtu. Mesi yoyote hapa inayotaka wanachama wake wote waione kuwa yao haina budi kuujua mwezi wa Ramadhani: futari iwe tayari jua likizama, zamu zipangwe kwa kuzingatia daku, na baa isiwe ndiyo kitovu cha chumba. Mpishi akipika pilau Ijumaa na ugali kwa omena Jumatatu, ameshafanya kazi ya kuunganisha taifa kuliko hotuba nyingi. Kijana wa Bomet huanza kwa kununa akiona mbaazi za nazi, na mwaka haumaliziki kabla hajaziulizia mwenyewe.

Kuhusu pombe nitasema wazi. Utaratibu wa kutia sahihi na kulipa mwisho wa mwezi ni mtego kwa kijana mwenye upweke. Kinachoiokoa mesi ni kwamba anakunywa mbele ya watu wanaomjua, na kamati ina uwezo wa kumfungia kitabu. Kamati ikiogopa kufanya hivyo kwa sababu ni rafiki yao, mesi imeshindwa kazi yake kuu, ileile ya kumfundisha mtu kumwambia rafikiye hapana.

Wanawake wamebadilisha chumba hiki pia, na ni heri. Hadi 1999 wanajeshi wa kike wa Kenya walikuwa na kikosi chao cha pekee, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilipovunjwa wakaingizwa kwenye vikosi vyote, na Mei 2024 Fatuma Gaiti Ahmed akateuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Jeshi la Wanahewa. Mle mesini maana yake ni kwamba koplo wa kike ni mwanachama kamili, analipa sawa, anaweza kuwa mwenyekiti, na utani uliokuwa ukipita zamani haupiti tena. Wake na waume wa wanachama ni habari nyingine: wao huja usiku wa wageni na sherehe za watoto za mwisho wa mwaka. Hapo kuna kasoro ya zamani ya makambini, ya mke wa mkubwa kujiona mkubwa wa mke wa mdogo. Cheo kimeandikwa kwa jina la mtu mmoja, na mesi zenye busara hupanga viti vya familia kwa kuchanganya.

Kwenye meli mambo yanabanwa. Ukiwa doria, mesi ndipo unapokula na ndipo unapolala, kitanda juu ya kitanda, na hakuna mlango wa kukimbilia. Hapo mazoea ya nchi kavu ndiyo yanayosaidia: watu wameshajifunza nani asiulizwe kitu kabla ya chai na nani anahitaji kunyamaziwa. Wanamaji walioshiriki kuwashusha wanajeshi Kismayu tarehe 28 Septemba 2012 hawakuanza kufahamiana siku ile. Na waliorejea kutoka operesheni za Somalia, ikiwemo miezi ile mizito baada ya shambulio la kambi ya Kenya ya El Adde la tarehe 15 Januari 2016, walirudi na mambo ambayo mtu hamwelezi mkewe wala mamake. Mahali pa kuyasema ni kwa aliyekuwepo, na mesi ni mojawapo ya mahali pachache panapowakutanisha bila kuwaita wagonjwa. Haitoshi, wanahitaji pia wataalamu wa akili. Lakini wengi hawafiki kwa mtaalamu bila mwenzao kuwasukuma, na mwenzao huyo hukaa kiti cha pili.

Tepe ya tatu ikija, yote haya yanakatika siku moja. Sajini mpya anaagwa, analipa bili yake ya mwisho, anahamia jengo lingine ambako yeye ndiye mdogo kabisa tena. Kule alikotoka hawezi kuingia hadi aalikwe, hata kama kikombe chake bado kipo kwenye kabati.

Raia naye huingia kwa kualikwa. Jirani yako akikualika usiku wa wageni, mwulize mapema vazi ni lipi na uvae hilo. Mpe jina lako kamili liandikwe getini, na ubebe kitambulisho. Kwanza msalimie mwenyekiti, kisha ndio uwasalimie unaowajua. Simu ibaki mfukoni, picha usipige bila ruhusa. Usimwulize mtu alichofanya Somalia, akitaka atakwambia. Na usihangaike kutoa pochi ukifika kaunta, maana mgeni halipi: kila utakachokunywa kitaandikwa kwa jina la aliyekuleta, naye atakilipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo agiza ukimwonea huruma.